Tupangishe vyumba kabla ya kujenga ukuta

Bwana Mhariri,

Mwezi uliopita msomaji mwenzangu aliandika katika ukurasa huu akiiomba serikali ya jimbo ijenge, nje ya mji wetu wa Lubumbashi, kituo kimoja kikubwa chenye ukuta, ambamo wagonjwa wa akili wanaozunguka sokoni, kwenye vituo vya mabasi na kando ya reli wangekusanywa, walishwe na kulazwa humo. Barua ile niliisoma mara mbili. Naamini aliyeiandika alisukumwa na huruma, maana alieleza jinsi alivyomkuta mwanamke amelala kwenye baraza la duka usiku wa kipwe, mwezi wa Julai, bila hata gunia la kujifunika, na anayeijua baridi ya hapa kwetu mwezi huo hawezi kuona jambo kama hilo akapita na kusahau. Hata hivyo dawa aliyoipendekeza siiafiki, na naomba nafasi ya kueleza sababu zangu kutokana na niliyoyaona katika kazi ya uuguzi, ambayo sasa nimestaafu, na zaidi kutokana na niliyoyaona katika ukoo wangu.

Mdogo wangu aliugua mwaka 1999, akiwa na miaka 21, alipokuwa anamalizia masomo ya umekanika. Mama yetu alimtunza huko Katuba, komini (wilaya) moja ya mji huu, hadi alipofariki mwaka 2016, na katika miaka yote hiyo 17 sikumsikia akilalamikia kazi wala usiku aliokesha. Alichokuwa akiniuliza tena na tena, huku anachambua sombe (majani ya muhogo) au anapepeta unga, kilikuwa hiki: "Siku nitakapokufa, huyu atalala wapi?" Mimi, kwa kuwa nilikuwa muuguzi, nilikuwa namjibu habari za dawa, kwamba sindano ya kila mwezi imepatikana, kwamba daktari amebadilisha vidonge, kwamba hali itatulia. Mama alikuwa ananisikiliza mpaka mwisho, kisha anarudia swali lake. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba alikuwa ameuona ugonjwa ule vizuri kuliko mimi niliyeusomea.

Baada ya mazishi, nyumba ya mama iligawanywa kati ya watoto, na mdogo wangu, ambaye alikuwa na haki ya fungu lake kama sisi wengine, hakupewa hata chumba kimoja, kwa sababu sisi wakubwa tulikubaliana kwamba "atazunguka". Neno hilo nililitamka na mimi, na linaniuma mpaka leo. Akazunguka kweli: miezi minne kwangu, mitatu kwa kaka yetu Ruashi, miwili kwa shangazi katika komini ya Kenya, hapa hapa mjini, na kila alipofika alitandikiwa mkeka kwenye ukumbi, mahali ambapo watoto wanamruka saa 11 alfajiri wakijiandaa kwenda shuleni. Mwaka 2018 jamaa mmoja, bila kunishauri, alimpeleka kwenye chumba cha maombi ambako aliambiwa kwamba ana bulozi, yaani uchawi, na huko alifungwa kamba mguuni kwa wiki saba. Kovu lake liko juu ya kifundo cha mguu wa kushoto, pana kama kidole gumba. Jina la Joseph Guislain, daktari wa mji wa Ghent aliyepinga wagonjwa wa akili kufungwa minyororo katika karne ya 19, limepewa kituo cha magonjwa ya akili hapa hapa Lubumbashi, na bado katika mji huo huo, mnamo karne hii, mtu mzima alifungwa kama mbuzi kwa sababu ndugu zake hatukuwa na pa kumweka.

Nataka wasomaji wauelewe vizuri mzunguko huu, kwa sababu ndio unaowajaza watu barabarani. Mtu analazwa, anapata dawa, baada ya wiki kadhaa anatulia, anaanza kula, anawakumbuka watu kwa majina. Siku ya kutoka linaulizwa swali la malipo, halafu swali la nani anakuja kumchukua, na hapo mambo ya hospitali yamekwisha. Anarudi kwenye mkeka. Nyingi kati ya dawa hizi zinaleta usingizi na hamu kubwa ya kula, na mtu anayekula mara moja kwa siku, tena chakula anachopewa kwa manung'uniko, haoni sababu ya kumeza kitu kinachomzidishia njaa, basi anakitupa. Anayelala ukumbini halali usingizi wa kutosha, na kukosa usingizi ni mlango ambao ugonjwa huu unaupenda sana kuingilia. Baada ya miezi michache anarudi hospitalini, na ukoo unasema: dawa hazifanyi kazi. Mdogo wangu alipita njia hiyo mara nne. Dawa zilikuwa zinafanya kazi yake. Hakuwa na mahali pa kuzimezea.

Mwaka 2019 mjane mmoja wa avenyu yetu, hapa Kampemba, alikuwa na chumba kitupu katika anekse iliyo nyuma ya nyumba yake. Lupango wake, yaani kiwanja chenye ua na nyumba zake, una vyumba vitano vya kupangisha, bomba moja la maji, choo kimoja na mwembe katikati, kama malupango mengi ya hapa kwetu. Nilimweleza hali ya mdogo wangu bila kumficha kitu, naye aliniuliza swali moja tu, kama nitakuja nikiitwa usiku. Nikaahidi. Chumba kina urefu wa hatua tano na upana wa hatua nne, ndani mna kitanda cha mbao, sufuria mbili, ndoo, mbabula (jiko la makaa) na msumari mmoja wa kutundikia koti. Siku ya kuhamia, mimi nilikuwa nimekwisha kunyosha mkono ili nipokee ufunguo, lakini mjane yule alinipita akauweka mkononi mwa mdogo wangu. Aliutazama kwa muda mrefu, akaniuliza: "Yaya (ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa), huu ni wangu mimi?" Kisha akachomoa kamba ya kiatu chake, akaufunga, akauvaa shingoni, na huko shingoni uko hadi leo.

Kuanzia siku ile amelazwa mara moja tu, mwaka 2022, kwa wiki tano. Kodi ya wiki hizo tulilipa kama kawaida na kufuli haikuguswa na mtu. Ufunguo ulikuwa kwangu, na siku aliyoruhusiwa kutoka aliudai pale mlangoni mwa hospitali kabla hata hajanisalimia. Aliporudi alikuta sufuria zake mahali alipoziacha. Mtu ambaye hajapoteza kila kitu mara nne hawezi kujua maana ya sufuria kukutwa mahali pake.

Naomba nisieleweke vibaya. Simwelezi mtu aliyepona kabisa. Kuna siku anapiga kelele, na aliunguza bukari (ugali) mara nyingi kabla ya kujua moto wa makaa unavyotulizwa. Lakini sasa anajipikia, anafagia lupango mzima kila alfajiri bila kutumwa, na wapangaji wanampa chochote kwa kuwachotea maji siku bomba linapotoa kidogo. Mimi naenda Jumanne na Jumamosi, tunahesabu vidonge pamoja na tunapanga fedha za juma. Muuguzi wa kituo cha afya anamchoma sindano yake mara moja kwa mwezi. Na mjane amejifunza jambo ambalo halimo katika kitabu chochote nilichosoma: ugonjwa unapokaribia kurudi, mdogo wangu anaanza kuziba dirisha kwa makaratasi ya mifuko ya saruji. Karatasi ya kwanza ikionekana, mjukuu wa mjane anakimbia kuniita, nasi tunakwenda kwa daktari siku ile ile, wakati bado anakubali kutembea kwa miguu yake mwenyewe. Hivyo ndivyo tulivyouzuia ugonjwa mara tatu.

Utaratibu huu una jina na umechunguzwa na wataalamu katika nchi nyingi. Kwa Kiswahili naweza kuuita makao ya kusindikizwa. Msingi wake ni kwamba mtu mzima mwenye ugonjwa wa akili au ulemavu anaishi katika chumba au nyumba ya kawaida, kati ya majirani wa kawaida, akiwa mpangaji kwa jina lake, na msaada unamfuata pale alipo kwa kipimo anachokihitaji: kwa mmoja ziara mbili kwa juma, kwa mwingine mtu wa kulala karibu kila usiku, kwa wa tatu mkono wa kumwogesha na kumvalisha asubuhi. Jambo kubwa ni kutenganisha nyumba na huduma. Akikataa kumwona msaidizi wiki hii, hatolewi chumbani. Akilazwa, chumba kinamngoja. Akibadilishiwa msaidizi, hahami.

Sisi wa Lubumbashi hatuhitaji kufundishwa kwa nini mambo haya mawili yatenganishwe. Wazee wetu waliishi kwenye makambi ya kampuni ya madini ya Union Minière, na baadaye ya Gécamines iliyoirithi, ambako nyumba, hospitali, shule na unga vyote vilitoka mkono mmoja. Vilikuwa vizuri, wengi wanavililia hadi leo, lakini nyumba ilikuwa imefungwa kwenye kazi, na mkono ule ulipolegea, kila kitu kilianguka siku moja. Wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoondolewa kwa mpango ulioanza mwaka 2003, tuliona katika mitaa yetu jinsi familia inavyokuwa pale mshahara, dawa na shule vinapokatika pamoja. Kituo kikubwa chenye ukuta, ambacho mwenzangu anakiomba, kingekuwa kambi ya aina hiyo, tena kwa watu dhaifu kuliko wachimbaji. Siku fedha za kuwalisha watu 300 mahali pamoja zitakapochelewa, watu 300 watakuwa na njaa mahali pamoja, nyuma ya ukuta ambao hakuna jirani anayeweza kuchungulia.

Watu wengine wanadhani habari hizi ni za wazungu na haziwezekani kwetu. Mfano ninaoupenda unatoka Nigeria. Mwaka 1954, daktari Thomas Adeoye Lambo, alipokabidhiwa hospitali ya Aro karibu na mji wa Abeokuta, aliwatafutia wagonjwa makao katika vijiji vinavyoizunguka, wakakaa na ndugu mmoja wa kuwapikia, wakawa wanapata tiba mchana na kulima pamoja na wenyeji. Hakungoja majengo. Alitumia vijiji vilivyokuwapo, kama mimi ninavyosema tutumie malupango yaliyopo. Huko Ubelgiji nako, katika mji wa Geel, familia za kawaida zimekuwa zikiwapokea wagonjwa wa akili majumbani mwao tangu Enzi za Kati, na karibu na mwaka 1938 wageni hao walizidi 3,500 katika mji ambao haukuwa mkubwa. Nchi iliyotutawala ilikuwa na mji kama huo nyumbani kwake, na sisi tukarithi kuta zake.

Kwa wale wanaotaka hesabu, Kanada ilifanya jaribio kubwa kati ya mwaka 2009 na 2013 katika miji mitano, likiwa na washiriki zaidi ya 2,000, wote wakiwa na ugonjwa wa akili na bila makao. Kundi moja lilipewa nyumba kwanza, bila sharti la kwanza kupona au kuacha pombe, pamoja na wasaidizi wa kuwatembelea. Kundi la pili liliachiwa huduma za kawaida. Katika miezi 6 ya mwisho ya jaribio, asilimia 62 ya kundi la kwanza walikuwa ndani ya nyumba muda wote, na katika kundi la pili asilimia 31. Kanada ina fedha ambazo sisi hatuna, hilo nalijua. Lakini sisi nasi tuna lupango, ambamo hakuna anayeweza kuugua siku tatu bila jirani kugonga mlango, na huko wanalipa watu ili wafanye kazi ambayo mjane wetu anaifanya kwa kuchungulia dirisha.

Nimesema zaidi habari za ugonjwa wa akili kwa sababu ndizo ninazozijua kwa karibu, lakini ndugu wenye ulemavu wa mwili wanakwama kwenye mambo madogo ambayo fundi mmoja angeyamaliza kwa siku mbili. Jirani yetu mshonaji, aliyepooza miguu kwa polio tangu utotoni, ana cherehani, ana wateja, analipa kodi yake mwenyewe. Kinachomshinda ni kizingiti cha choo. Kiti chake cha magurudumu hakipiti mlangoni, basi anashuka chini na kutambaa kwa mikono kwenye sakafu ambayo watu wengine wamekwisha kuichafua, mtu mzima mwenye mke na watoto wanaomtazama. Mlango wa kiti cha magurudumu unahitaji nafasi ya sentimita 80 au 90, na mteremko salama ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo, kwa maana kizingiti cha sentimita 15 kinataka njia ya sentimita 180. Ni mifuko michache ya saruji. Mwenye nyumba amekataa, akisema nyumba ni yake, na hakuna mtu wala ofisi iliyosimama upande wa mpangaji kuzungumza naye.

Kisha kuna wale ambao akili yao ilichelewa tangu kuzaliwa. Mama mmoja wa parokia yetu, mwenye miaka zaidi ya 70, anaishi na binti yake wa miaka 41, na nilipomtembelea aliniuliza swali lile lile la mama yangu, karibu kwa maneno yale yale. Kwa watu kama binti huyu ninasihi kitu kimoja: tusingoje msiba. Mtu ambaye maisha yake yote amelala chumba kimoja na mama yake hawezi kupoteza mama na chumba katika juma moja akabaki salama. Aanze kulala nje ya nyumba usiku mmoja kwa juma wakati mama bado ana nguvu, kisha mbili, ajifunze kuwasha mbabula, kujua bei ya unga, kufunga mlango kwa ndani. Na kwa wanawake hilo la kufunga kwa ndani lipewe uzito wa kwanza, kwa sababu wote tunajua kinachowapata wanawake wenye ulemavu wa akili wanaoachwa kulala popote. Komeo la ndani, taa ya nje, na mwanamke jirani anayelala karibu: bila mambo hayo matatu chumba kisipangishwe.

Sheria hazikosekani. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 48, inatambua haki ya kila raia kuwa na makao yanayostahili, na kifungu cha 49 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya ulinzi maalumu kulingana na mahitaji yao ya mwili, akili na maadili. Mwaka 2015 Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 19 kinasema waziwazi kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua anapoishi na anayeishi naye, wala asilazimishwe kuishi katika makao ya namna fulani. Tarehe 3 Mei 2022 nchi ikapata sheria yake yenyewe, sheria namba 22/003, ya kulinda na kuendeleza haki za watu hao. Ukuta anaouomba mwenzangu unapingana na kifungu kile cha 19 moja kwa moja, hata kama ungejengwa kwa nia njema na kupakwa rangi nzuri.

Kuna na sheria nyingine inayonigusa kila mwezi, ile ya pango ya tarehe 31 Desemba 2015, ambayo inaweka kikomo cha garanti (fedha za dhamana ambazo mpangaji anamtangulizia mwenye nyumba) ya nyumba ya kuishi kuwa kodi ya miezi 3. Wenye nyumba wengi wanadai miezi 6 au zaidi, na wakisikia mpangaji ni mgonjwa wanadai ya mwaka mzima, au wanasema chumba kimekwisha kuchukuliwa. Familia ya mgonjwa haina nguvu ya kubishana. Kwa sababu hiyo naona mkataba na mwenye nyumba usiachwe mikononi mwa familia peke yake. Lazima iwepo huduma, iwe ya komini, ya parokia au ya shirika linaloaminika, inayodhamini garanti, inayolipa kodi ya wiki za hospitalini, inayotengeneza kilichovunjika, na yenye namba ya simu ambayo mwenye nyumba akiipiga saa 8 usiku itapokelewa na mtu. Wenye nyumba niliozungumza nao hawaogopi ugonjwa kama wanavyoogopa kuachwa peke yao na mgonjwa.

Fedha zitoke wapi? Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali madini yanapochimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena makampuni yanatakiwa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazoyazunguka. Katika jimbo letu la Haut-Katanga fedha hizo si hadithi. Zinapojadiliwa, ninasikia madarasa, visima na barabara, na vyote tunavihitaji. Sijasikia hata mara moja chumba cha mtu mwenye ulemavu kikitajwa. Kodi ya mdogo wangu ni dola 40 kwa mwezi. Komini moja ikianza na vyumba 10, kwa kodi ya aina hiyo, itatumia dola 4,800 kwa mwaka. Tuongeze mishahara ya wasaidizi wawili, nauli zao na mfuko mdogo wa matengenezo, na bado tuko mbali sana na gharama ya kujenga ukuta, kabla hata ya kumlipa mlinzi wa kwanza wa lango.

Ningependa vyumba hivyo visirundikwe. Wagonjwa watano katika lupango mmoja wa vyumba vitano ni hospitali ndogo isiyo na daktari, na mtaa utauita kwa jina baya kabla ya mwezi kwisha. Mmoja au wawili kati ya vyumba vitano, si zaidi, na wote wawe mwendo wa miguu kutoka kituo cha afya, kwa sababu sindano inayohitaji nauli ya mabasi mawili ni sindano itakayokosekana.

Najua jibu nitakalopewa na wazee wenzangu: kwetu, mgonjwa hutunzwa na ukoo. Nami naliheshimu jibu hilo, kwa sababu mama yangu alilitekeleza kwa miaka 17. Lakini ninawaomba waangalie ukoo wetu ulivyokuwa miezi ile ya kuzunguka: kaka hakuwa anazungumza na mimi, shangazi alikuwa anaficha visu, mtoto wangu wa pili alikuwa halali. Leo kaka yangu anamtembelea mdogo wetu Jumapili, wanakaa chini ya mwembe na kubishana habari za timu za mpira, Lubumbashi Sport na Mazembe, kama walivyokuwa wakifanya wakiwa vijana. Undugu ulirudi pale alipopata mlango wake. Mimi si mlinzi wake tena, ni dada yake, na nafasi hiyo nilikuwa nimeisahau ladha yake.

Kinachonikosesha usingizi ni kwamba yote haya yanasimama juu ya wanawake wawili, mmoja mjane wa miaka 74 na mwingine mimi, ambaye presha yangu si nzuri. Hakuna karatasi, hakuna ofisi, hakuna mtu wa tatu. Mjane akifa, watoto wake wanaweza kuuza lupango. Nikifa mimi, hakuna atakayejua maana ya karatasi ya saruji dirishani. Nimeanza kuyaandika haya katika daftari la kurasa 96, moja baada ya jingine: jina la dawa na kipimo chake, siku ya sindano, anachokula, asichopenda kuulizwa, nani wa kuitwa. Daftari liko juu ya kabati langu, ila sina ofisi ya kulipeleka.

Kwa hiyo, Bwana Mhariri, naomba barua hii isomwe na mkuu wa komini yetu na wahusika wa mambo ya kijamii wa jimbo. Nyuma ya nyumba yangu kuna chumba kimoja ambacho binti yangu alikiacha alipoolewa, chenye sakafu ya saruji, dirisha na mlango wa sentimita 90 niliourekebisha mwenyewe. Katika avenyu yetu nimezungumza na wenye malupango wengine wawili, na wote wamesema wako tayari kutoa chumba kimoja kila mmoja, kwa garanti ya miezi 3 kama sheria inavyosema, kama tu kutakuwa na huduma ya kuweka sahihi na simu ya kupigwa usiku. Vyumba vitatu vipo. Tunangoja wa kuja kuviona, na mtu yeyote wa avenyu yetu anaweza kumwelekeza kwenye mlango wangu.

Wako katika kazi,
Muuguzi mstaafu,
Komini ya Kampemba, Lubumbashi